Brezeli ya Kumpa Mwokaji

Kwa miaka mitatu Metty Hengen alinunua mikate ambayo hakuweza kuimaliza. Kila asubuhi, saa moja kamili, alisimama mbele ya kaunta ya Ketty Thill, pembeni mwa kanisa la kijiji cha Rollerbach, akaagiza mkate mrefu, mkate mweusi na vimikate viwili vya zabibu kavu, utadhani nyumbani ana watoto saba. Nyumbani alikuwa na dada yake Léonie tu, na Léonie alishakatazwa ngano na daktari. Mikate iliyobaki ilikwenda kwa mabata wa mto Mosel. Mabata wa Rollerbach walinenepa mpaka watalii wa Kijerumani wakawa wanavuka daraja kuja kuwapiga picha.

Léonie alijua kwa nini kaka yake ananunua mikate. Kijiji kizima kilijua. Asiyejua, au aliyejifanya hajui, ni Ketty mwenyewe, mjane wa miaka hamsini na minane, mwenye mikono ya kuinua magunia na ulimi usiombembeleza mtu. Aliongea Kifaransa na msaidizi wake Sandrine, aliyevuka mpaka kila siku kutoka Ufaransa. Na watalii Kijerumani. Na majirani Kiluxembourg. Na katika lugha zote tatu ukali wake ulikuwa uleule. Metty, kwa upande wake, alifanya kazi miaka arobaini katika ghala la divai la ushirika, chini ya ardhi, akiongea na mapipa. Mapipa hayajibu, na mtu akishazoea wenzake wasiojibu, akikutana na anayejibu hukauka koo.

Lakini iko Jumapili moja, katikati ya Kwaresima, ambapo mwanamume wa Luxembourg hahitaji maneno. Anampelekea mwanamke brezeli: mkate mtamu uliosokotwa kama mikono iliyokunjwa kifuani, umepakwa sukari nyeupe na kunyunyiziwa lozi. Ukubwa wa brezeli ndio ukubwa wa nia. Mwanamke anapokea, anasema asante, yamekwisha. Jibu linakuja Pasaka. Akikutaka anakupa yai. Asipokutaka hakuna yai, unakwenda zako, na hapajatamkwa neno la kumtia mtu haya. Ni utaratibu mzuri kwa watu wasiopenda kusema sana, na watu wa Mosel kwa kunyamaza hawajambo. Ila katika mwaka mrefu, ule ambao Februari ina siku ishirini na tisa, mambo hugeuka: wanawake ndio wanaotoa brezeli, na wanaume ndio wanaohangaika na mayai.

Na mwaka uliokuwa unakuja ulikuwa mwaka mrefu.

Jumatatu ya wiki ile Léonie alimtilia kaka yake maharage mapana na shingo ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, akamwacha ale nusu sahani, kisha akaweka kijiko chini.

"Kaka, ni Jumapili hii au basi tena. Mwakani ni zamu ya wanawake, na Ketty alishasema mbele za watu kwamba yeye brezeli anauza, hagawi. Ukiipitisha hii unangoja miaka miwili. Utakuwa na miaka sitini na sita. Goti lako litakuwa na tisini."

Metty alisema anajua. Alisema amelifikiria jambo hilo tangu Krismasi, na tatizo si moyo, tatizo ni brezeli. Léonie akamwuliza brezeli ina tatizo gani, kila mtu ananunua. Ndipo Metty akamwuliza yeye: anunue wapi?

Léonie akahesabu maduka kwa vidole, akaishia kidole kimoja.

Rollerbach ilikuwa na duka moja tu la mikate. Metty hawezi kwenda kwa Ketty akanunua brezeli ya Ketty, akazunguka kaunta, akampa Ketty. Hiyo ni kumrudishia mtu bidhaa yake. Ng'ambo ya mto, kwa Wajerumani, brezeli ni kimkate cha chumvi cha kutafuna na bia. Ukimpelekea mwanamke, anaweza kukuitia padri. Kijiji cha pili kulikuwa na mwokaji mzuri, lakini waokaji wanaijua mikono ya wenzao kama sisi tunavyojua miandiko. Ketty angeitupia jicho moja tu, na kuanzia hapo Metty angekuwa mtu aliyemletea kazi ya mpinzani wake mlangoni. Ya supamaketi, ya kwenye karatasi ya nailoni, hata hawakuitaja.

"Basi itengeneze," Léonie alisema.

Alisema kwa mzaha. Lakini Metty alikuwa ameshatazama juu, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mbali.

Jumanne alinunua unga, siagi, mayai na maziwa katika mji mwingine, ambako hakuna anayemjua. Hamira hakununua. Mtu aliyeshughulika na hamira miaka arobaini, akaisikiliza ikichemka usiku na mchana ndani ya mapipa, aende akanunue vijipakiti vya dukani kama mgeni? Alipita ghalani kwa vijana waliorithi kazi yake, akaomba kikombe cha hamira ya divai, ile yenyewe inayogeuza zabibu za kilima cha nyuma ya kanisa kuwa divai. Kwake yeye hamira ni hamira. Akakanda, akafunika kwa kitambaa, akateremsha beseni chumba cha chini, palipo na baridi, penye giza na pasipo na upepo, jinsi kila kitu cha maana kinavyotakiwa kuanza.

Jumatano kinyunga, ule unga uliokandwa, kilikuwa kimelala, hakijafura. Alhamisi kilikuwa kimelala vilevile. Ijumaa Léonie aliteremka na taa, akakibonyeza kwa kidole, akatangaza kwamba kimekufa na kizikwe.

Metty alimweleza kwamba divai haiharakishwi. Léonie akamkumbusha kuwa hii si divai. Metty hakubishana. Ila aliporudi kukitazama peke yake akaingiwa na shaka kidogo, akaongeza nusu kikombe cha hamira. Hamira nayo ikataka chakula, akaongeza unga. Unga ukawa mkavu, akaongeza maziwa. Jumamosi aliongeza tena kidogo kila kitu, kwa sababu ukubwa wa brezeli ndio ukubwa wa nia, na nia yake ilikuwa ya miaka mitatu.

Jumapili alfajiri aliteremka, akakuta kitambaa kiko sakafuni. Kinyunga kilikuwa kimetoka ndani ya beseni, kimepanda rafu, kimezikumbatia chupa kumi na moja za divai nyeupe na kilikuwa kinaelekea kwenye viazi. Chumba kizima kilinuka kama siku ya tatu ya mavuno. Metty alikibandua kwa mikono miwili, akavirudisha vipande vyote pamoja, akakisokota juu ya mlango wa kabati la zamani, kwa kuwa meza haikutosha. Mkono wa kulia wa brezeli ukatoka vizuri. Wa kushoto ukawa mfupi, na kila alipouvuta ulirudi.

Oveni ya Léonie ilikuwa na uwezo wa kupokea tundu moja tu kati ya matundu matatu ya brezeli ile.

Léonie, aliyekuwa amesimama na joho lake la kulalia, alipendekeza ikatwe vipande viwili. Metty akamtazama kwa huzuni. Alisema humpelekei mwanamke nusu ya unachotaka kumwambia. Brezeli ikaendelea kufura polepole kati yao, na wote wawili walikuwa wanafikiria tanuri lilelile. Katika kijiji chote lilikuwepo moja tu lenye mdomo wa upana ule.

Jambo lenyewe halikuwa la ajabu. Tangu zamani, kwenye sikukuu ya parokia, watu wa Rollerbach hupeleka mikate yao ya matunda kwa mwokaji, naye huwaokea. Metty alijipa moyo kwa hoja hiyo huku akiisukuma brezeli kwenye mkokoteni wa kubebea makreti. Ataomba tanuri. Ketty atauliza ni ya nani. Yeye atajibu: yako. Neno moja. Alilikariri njia nzima, na alipofika penye kanisa alikuwa analitamka vizuri kabisa.

Foleni ilikuwa imeshaanza. Wanaume wapatao kumi na wawili, waliojisahau wiki nzima na kuamshwa na hofu, walisimama nje wakisubiri kununua. Miongoni mwao alikuwa Fränz Schiltz, dereva wa basi mstaafu, anayemnunulia mkewe brezeli ya ukubwa uleule kwa mwaka wa thelathini na nane. Metty aliinamisha kichwa, akapita uani na mkokoteni wake, akaingia mlango wa nyuma.

Ketty alikuwa anatoa trei, unga umemfika viwikoni. Akaitazama ile brezeli kama daktari wa mifugo aliyeletewa ng'ombe siku ambayo ameshachelewa.

"Nani kaifanya?"

"Mimi."

"Kwa mikono au kwa miguu?"

Metty alisema kwa mikono. Akaomba kama ingewezekana aokewe, kwa kuwa oveni ya nyumbani haifai. Ketty aliisogelea, akainusa, akainusa tena, akamwita Sandrine naye ainuse. Sandrine akasema kitu kwa Kifaransa kilichomfanya Ketty karibu acheke.

"Hamira gani hii, Metty?"

"Ya divai."

"Ya divai." Akaifikiria. "Hii ina kilevi kuliko Fränz siku ya mavuno. Haya. Ya nani?"

Ndiyo hiyo nafasi. Neno lilikuwa tayari, limekaa nyuma ya meno. Lakini Ketty alikuwa ameshika kiuno, Sandrine ametoa macho, na brezeli iko pale ubaoni, mkono wake wa kushoto umenywea mbele ya mtu aliyeoka maelfu. Metty akaona haiwezekani kulitoa neno lile mahali pale.

"Ya mtu," akasema.

Uso wa Ketty ukafungwa kama dirisha la duka saa ya kufunga.

"Awe na meno mazuri, mtu huyo," alisema, akaisukumia tanurini.

Dakika ishirini na tano zilizofuata Metty alisimama kando ya magunia akisikiliza hukumu. Ketty hakumtukana yeye, aliitukana brezeli. Alisema imekandwa na mtu mwenye hasira na kungojwa na mtu mwenye usingizi. Alisema siagi imewekwa kwa jicho, na jicho lenyewe halioni. Kila trei aliyoiweka chini ilipiga kelele kuliko ilivyohitaji. Alisema kama ni ya Maisy wa duka la dawa, basi Maisy asiiguse kabla ya kuendesha gari, na kama ni ya yule mwalimu mstaafu wa pale chini, yule ana tumbo dhaifu, ingekuwa vyema amhurumie. Metty alisema si ya Maisy wala si ya mwalimu. Ketty alisema hajauliza.

Metty akajikaza, akamwomba kama angeweza kuunyoosha kidogo mkono wa kushoto, kabla haujakauka kabisa.

"Kazi ya mtu mwingine siigusi," Ketty alisema. "Apewe ilivyo. Ajue anachopewa."

Hata hivyo, ilipotoka aliipaka sukari yeye mwenyewe na kuinyunyizia lozi, mkono mzima wa lozi, huku akinung'unika kwamba humu ndani hakitoki kitu uchi. Ilikuwa imeiva vizuri, rangi ya asali, kubwa kama gurudumu la toroli, imepasuka katikati. Metty alitaka kulipa. Ketty akakataa kwa kichwa, akamwonyesha mlango wa mbele, kwa sababu wa nyuma umezibwa na mkokoteni wake.

Basi akapita dukani na brezeli yake kifuani, wanaume wakimpisha. Akajikuta nje, kwenye baridi ya Machi, amesimama mbele ya kanisa. Nyumbani ni kulia. Angeweza kwenda kulia, akaila na mabata, akangoja miaka miwili. Akasimama pale kwa muda, mvuke ukipanda usoni kwake. Kisha akaenda kushoto, mpaka nyuma kabisa ya foleni, akasimama.

Fränz, aliyekuwa anatoka na mfuko wake, alimwona akarudi.

"Mzee, hii ni foleni ya kununua brezeli. Wewe unayo."

"Najua."

"Unayo kubwa kuliko zetu zote tukizijumlisha."

"Najua, Fränz."

Fränz aliangalia brezeli, akaangalia duka, akaangalia uso wa Metty. Kisha hakwenda nyumbani tena. Alirudi ndani kimyakimya, akasimama kando ya mashine ya kukata mikate na mfuko wake, mkewe akamngoja mpaka kahawa ikapoa. Wanaume wa mbele walitaka kumpisha Metty kwa sababu ya mzigo. Alikataa. Kila mtu aliyekuwa mbele yake alikuwa akimpa dakika moja zaidi, na zote alizihitaji.

Zamu yake ilipofika, Sandrine alimwuliza kwa Kifaransa anataka nini. Metty alimjibu kwamba anamngoja mwenye duka. Ketty akatoka nyuma na trei ya vimikate, akamwona, na kabla hajaiweka trei chini akamwuliza amesahau nini tena.

Metty akaiweka brezeli juu ya kaunta.

"Nimeileta," alisema.

"Unaileta nini? Si umeitoa hapa sasa hivi."

"Nimeitoa hapa, nimeileta hapa. Ungekuwepo mlango mwingine wa tanuri kijijini, ningepitia huko." Akaisukuma kidogo kuelekea kwake. "Ni yako, Bi Ketty."

Ketty aliitazama brezeli. Wekundu ulimwanzia shingoni, ukapanda kwenye masikio, ukafika kwenye paji la uso, pale palipokuwa na alama ya unga. Ilikuwa mara ya kwanza Rollerbach kumwona amekosa la kusema, katika lugha yoyote kati ya tatu.

"Nimeitukana dakika ishirini na tano," alisema mwishowe.

"Nilikuwepo."

"Ungeniambia."

"Nawe ungeunyoosha mkono."

Mtu mmoja kwenye foleni alikohoa. Ketty akajifuta mikono kwenye aproni, akaichukua brezeli kwa mikono miwili, maana kwa mmoja isingebebeka, akatamka lile neno ambalo desturi inamtaka mwanamke atamke, wala hakuongeza jingine.

"Asante," akasema. Kisha, kwa watu wote: "Anayefuata."

Zikafuata wiki tatu ambazo Metty asingependa kuzirudia. Kila asubuhi saa moja alikwenda kununua mikate, na Ketty alimuuzia kama kawaida, akimkemea kama kawaida kwa kutoa noti kubwa asubuhi. Brezeli iliwekwa dirishani, katikati, juu ya kitambaa cheupe. Kijiji kikagawanyika. Léonie na wenzake wa kwaya walisema mwanamke haweki dirishani kitu asichokionea fahari. Fränz alisema kwenye mizabibu pia hutundikwa kunguru aliyekufa kutisha wenzake, na si kwa fahari. Siku ya tisa dirishani palikuwa patupu. Metty alimuuliza Sandrine brezeli imekwenda wapi, Sandrine akainua mabega. Mchana ule Metty alishuka mtoni, akakaa muda mrefu akiwachunguza mabata midomo kama wana chembe za lozi.

Jumapili ya Pasaka, baada ya misa, mayai yalitoka mikobani mwa wanawake pale pale mbele ya kanisa: ya chokoleti, yenye riboni, makubwa kwa madogo. Mke wa Fränz alimpa la thelathini na nane. Ketty alimpa Metty mkono, akamtakia Pasaka njema, akaenda zake. Metty akarudi nyumbani taratibu. Léonie alitaka kusema kitu, akaona heri akate viazi.

Saa tisa alasiri mlango ukagongwa. Alikuwa Ketty, na koti lake la kanisani, ameshika bakuli lililofunikwa kwa leso. Hakungoja kukaribishwa. Aliliweka mezani, akaifunua leso. Palikuwa na mayai mawili ya kuku, yaliyochemshwa pamoja na maganda ya vitunguu mpaka yakawa mekundu kama matofali.

"Ya chokoleti nayauza," alisema. "Haya nimechemsha. La kwako hilo la karibu."

Metty alilichukua, akalishika kwa viganja viwili, akakaa chini kwa sababu ya goti.

"Kabla hujafurahi," Ketty akaendelea, bado amesimama, "mimi naamka saa nane usiku, na saa mbili za jioni nalala, awepo mgeni asiwepo. Duka sifungi. Na hamira hutaigusa tena, ya divai wala ya namna nyingine; ile brezeli nimeila yote, najua ninachosema. Umesikia?"

Metty alisema amesikia. Alisema yote sawa.

"Haya, gonga," Ketty akasema, akalinyoosha lake, ncha mbele, kama watu wote wanavyogonganisha mayai Pasaka kuona la nani litapasuka.

Metty akalificha la kwake kifuani. Alisema hagongi.

"Kaka, gonga," Léonie alisema kutoka jikoni.

"Nimelingoja miaka mitatu. Silipasui."

"Metty," Ketty alisema, "hilo ni yai. Baada ya wiki mbili litanuka."

"Nitaliweka kule chini, kuna baridi."

Ketty alivuta kiti, akakaa karibu naye, karibu kuliko kaunta ilivyowahi kuwaruhusu, akamfungua vidole kimoja kimoja. Kisha yeye mwenyewe akaligonga. Lililopasuka likawa la Ketty. Akalitazama kwa chuki kidogo, maana hakuwa mtu wa kuzoea kushindwa, na kwa desturi ile aliyeshindwa hutoa lake, basi akamsukumia Metty yote mawili. Metty akalimenya lile lililopasuka, akaligawa kwa kisu, akampa nusu yenye kiini kikubwa. Léonie alileta jibini la kuyeyusha na haradali. Ketty alisema jibini lina chumvi pungufu, kisha akala sahani nzima.

Yai zima Metty alilitia mfukoni. Wakakaa wakiongea habari za mizabibu, baridi ya Aprili, na watu waliokufa. Ilipofika saa mbili, mwanga wa jua ukiwa bado uko kwenye vilima vya ng'ambo kwa Wajerumani, Léonie alikuwa katikati ya habari ndefu ya binamu yao alipoona anasikilizwa na mtu mmoja tu. Ketty alikuwa amelala pale kitini, kichwa kimeegemea bega la Metty, mdomo wazi.

Léonie akauliza kwa kunong'ona kama amwamshe. Metty akatikisa kichwa. Bega lilikuwa limeanza kufa ganzi, na yai mfukoni lilikuwa linambana ubavuni, lakini hakusogea.